Ukurasa wa Arobaini na Moja: Risala ya Timu ya Barafu ya Al-Sulay kwa Mzee Kazimierz

Mgeni rasmi, Mzee Kazimierz Wrona, kipa wa zamani na sasa mlezi wa magongo ya barafuni katika klabu ya Kotlarz ya Polandi. Bosi wetu Abu Faisal, mwenye ukumbi huu. Na nyinyi wenzetu mlioomba ruhusa ya saa mbili mkaipata:

KARIBU

Sisi Wakenya madereva, walinzi na vibarua wa upande huu wa Al-Sulay, Riyadh, tunakukaribisha. Nje umeacha joto, humu umetukuta na makoti, na hayo ndiyo maisha yetu. Kiingereza chako tumeambiwa ni cha kuombea maji ya kunywa, na chetu hakijaenda mbali zaidi ya hapo, kwa hiyo Derrick atatafsiri polepole. Derrick, tafsiri yote, hata ile ya kipa.

TULIVYOANZA

Historia yetu ni fupi, nayo ilianza kwa kosa. Mwaka 2013 mwenzetu Elphas Wanyonyi wa Webuye aliondoka Nairobi na mkataba ulioandikwa udereva. Alipofika, kafili, yule mwajiri aliyemdhamini, akampa ndoo na ufagio, akamleta katika ukumbi huu. Elphas hakuwa ameona barafu kubwa kuliko ile inayoelea kwenye soda. Asubuhi ya kwanza akaona watoto wanaanguka, huyu akiinuka yule yuko chini, na roho ikamuuma. Kwao, njia ikiteleza baada ya mvua, mtu mwenye utu humwaga majivu. Hapa majivu hakuna. Akatoka nje, akajaza ndoo mbili za mchanga, maana mchanga nchi hii haukosekani, akaunyunyiza vizuri kutoka mlangoni mpaka katikati ya barafu.

Fundi wa mitambo ya baridi alikuwa Mpolandi, jina lake Marek. Alikuja mbio, akatazama, akaketi palepale juu ya mchanga, akacheka mpaka kofia ikamtoka.

"Kwenu ndivyo mnavyofanya?" akauliza.

"Kwetu hakuna barafu, bosi," Elphas akamjibu. "Kuna utelezi tu."

Walikwangua siku tatu. Siku ya nne Marek akamfundisha kazi yenyewe: unamwaga maji ya moto kidogo kidogo, tabaka nyembamba, huku ukienda kinyumenyume ili usikanyage ulipomwaga. Elphas akajua kuteleza kinyumenyume kabla hajajua kwenda mbele, na kwa kuwa ni yeye aliyetufundisha sisi wengine, mpaka leo timu yetu hushambulia goli kwa mgongo. Wanaotutazama hudhani ni mbinu.

Magongo yenyewe Marek alitufundisha Ijumaa asubuhi, kabla ukumbi haujafunguliwa. Kile kisahani cheusi tunakiita chapati. Mwanzoni mwa 2015 mkataba wake ukaisha, akarudi kwao, akamwachia Elphas kitabu: miaka hamsini ya magongo ya barafuni ya klabu ya Kotlarz, kurasa tisini, Kipolandi kitupu.

HISTORIA YENU, TULIVYOIPATA SISI

Elphas ni mtu wa kuuliza. Kusoma hakuweza, akatazama picha mpaka akazijua sura zenu kama za watu wa lokesheni moja. Ndipo akamwona mtu mmoja. Katika kila picha ya timu, mwisho wa mstari upande wa kushoto, kuna mwanamume mfupi mwenye kofia ya manyoya ambaye hana gongo. Ameshika paipu ya maji.

"Huyu ni mwenzetu," Elphas akatuambia. "Huyu ndiye aliyekuwa akitengeneza barafu. Lazima nijue jina lake."

Binamu yake Beldina anafanya kazi ya nyumbani Al-Hamra, Jeddah. Madam wa nyumba hiyo ni Mpolandi aliyekuja kwa uuguzi akaolewa na daktari wa huko. Elphas akapiga picha kurasa, akamtumia Beldina kwa WhatsApp. Ijumaa daktari akienda msikitini, madam hunywa chai peke yake, na Beldina aliweka simu kando ya kikombe. Madam akamfasiria kwa Kiarabu: ukurasa mmoja, chai moja. Mchana sauti yake ilitufikia, nasi tumeizunguka simu ya Elphas.

Hivyo ndivyo tulivyojua kwamba mwaka 1953 mafundi wa mitungi ya mvuke walimwaga maji katika uwanja wa kiwanda bila kumwambia meneja; kwamba goli lenu la kwanza lilikuwa kitanda cha chuma kilichosimamishwa; kwamba magongo yalichongwa kutoka mipini ya sepeto. Beldina hakusimulia tu. Alitoa na maoni.

"Kaka Elphas, aki watu wako leo wamefungwa kumi na moja kwa nunge. Kumi na moja. Kwani kipa alienda kununua sigara?"

Mgeni rasmi, utuwie radhi. Hakujua utakuja.

Na siku nyingine: "Kaka, hii kitabu yako imenisaidia. Zamani madam aliniita 'wewe.' Sasa ananiita Beldi, na chai anamimina vikombe viwili."

Ukurasa wa arobaini ni picha ya 1978, na mtu wa paipu yupo. Ukurasa wa arobaini na moja hauna picha. Una maandishi tu, yamezungushiwa mstari mweusi. Ukurasa wa arobaini na mbili, paipu imeshikwa na mtu mwingine.

Sauti ya mwisho ya Beldina ilikuwa hii: "Kaka Elphas, leo sina hadithi. Madam amesoma hiyo ukurasa kimya, akaweka kidole juu ya jina moja, akasema halas, imetosha. Nikamuuliza, 'Madam, ni nani?' Akasema, 'Halas, Beldi.' Chai imepoa hapo mezani. Nitajaribu Ijumaa ijayo."

Hiyo Ijumaa ijayo imeshapita mara kumi na tatu.

MAFANIKIO

Tumecheza mechi sita na Wafilipino wa ghala la samaki, tukashinda moja. Barafu yetu haijapasuka tangu Machi. Hayo yanatosha.

CHANGAMOTO

Tuna jozi tisa za viatu na watu kumi na wanne. Lakini si hilo.

Ujumbe wa Elphas kwa Beldina una tiki moja tu, haujamfikia. Ajenti wa Nairobi amejibu "mafi mushkila," hakuna shida, kabla hajaambiwa jina la mtu. Mwenzetu Jackton, dereva wa lori, alipopeleka mzigo Jeddah alipita mbele ya nyumba yenyewe, geti jeupe. Mlinzi akamwambia, "Yalla, dereva, songa, hapa si pa kuegesha." Jackton anasema aliona leso nyekundu ya Beldina imeanikwa juu ya paa. Tulifurahi siku mbili. Siku ya tatu Elphas akasema leso inaweza kuanikwa na mtu yeyote.

Hatumshtaki mtu. Labda simu imeanguka kwenye maji. Labda madam ana msiba wake wa zamani na hataki kuona kitu cha kumkumbusha. Elphas yeye amejishtaki mwenyewe.

"Ni mimi niliyetaka jina la mtu wa paipu," anasema. "Ningetazama picha, nikanyamaza."

Juzi akimwaga maji alikanyaga mahali alipomwaga. Tangu aanze kazi hii hajawahi.

MAOMBI

Tulikuwa tumeandika maombi matano: magongo, glavu, viatu na mengine mawili. Tumeyafuta. Limebaki moja.

Bosi ametuambia kwamba Jumanne unapanda ndege kwenda Jeddah. Mzee wetu, katika ukurasa wa arobaini ni wewe uliyemshika bega yule mtu wa paipu. Kwa hiyo unajua kilichoandikwa katika ukurasa unaofuata. Tangu uingie humu tunakutazama mdomo. Timothy pale nyuma ameapa atakuuliza kabla ya chakula.

Tunaomba usituambie.

Nenda Al-Hamra. Jackton amekuchorea njia mpaka kwenye geti jeupe. Mlinzi hatakufukuza wewe. Mwambie madam kwa lugha yenu kwamba umekuja kunywa chai, na umpe kitabu hiki, tumekifunga kwa gazeti. Akitaka kulia, atalia na mtu wa kwao. Kisha umuulizie Beldina kwa jina. Madam akiridhia kufasiri, msomee Beldina huo ukurasa, naye atutumie kama alivyozoea. Asiandike. Maandishi anaweza kuandika mtu mwingine. Tunataka sauti yake, hata kama itakuwa ni ya kutucheka.

Tumengoja kujua kwa wiki kumi na tatu. Mpaka Ijumaa tunaweza.

MWISHO

Mungu akushushe Jeddah salama, akulindie magoti yako ya kipa, na lile geti lifunguke kabla hujagonga mara ya pili. Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi tutakuwa hapa juu ya barafu, na simu ya Elphas itakuwa kwenye chaji.

Ni sisi, Timu ya Magongo ya Barafuni ya Al-Sulay, Riyadh, Oktoba 2016.

Nahodha, Elphas Wanyonyi: yupo.
Msomaji wa risala, Naftali Barasa: yupo.
Mkalimani, Derrick Omuse: yupo.
Wachezaji kumi na mmoja: wapo.
Katibu wa historia, Beldina Nekesa, Al-Hamra, Jeddah: hayupo. Udhuru wake tunausubiri.