Mshono wa Paa

Kaka yetu mkubwa, ambaye sote tulimwita Kidole, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, kifungua mimba wa baba fundi cherehani na mama mkunga. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1975, kisha chuo cha ufundi mwaka 1980. Ndiye aliyemsomesha mdogo wake, huyu anayewasomea wasifu huu.

Mwaka 1982 aliajiriwa katika kiwanda cha magari, na kuanzia 2001 akasimamia mashine ya leza inayounga paa na ubavu wa gari kwa waya wa shaba. Kila mshono aliupitishia kidole, macho ameyafumba. Alimwoa shemeji yetu tarehe 10 Desemba 1988. Hata kwenye maegesho kaka alipapasa magari ya watu, shemeji akawa anamwambia, "Baba watoto, ipo siku utaitiwa mwizi."

"Mwizi anapapasa mlango, mama. Mimi napapasa paa."

Februari 2012 mishono ikaanza kutoka na vitundu. Kaka alisema bati limebadilika: la zamani lilipakwa zinki kwa umeme, hili jipya limechovywa kwenye zinki iliyoyeyushwa, nayo leza ikiipiga inachemka na kurusha matone kabla shaba haijatulia. Mkaguzi wa ubora hakumsikiliza. Aliandika, "Uzembe wa msimamizi wa mashine." Kaka akapelekwa kufagia vyuma chakavu.

Mkaguzi huyo ni mdogo wake. Mwezi Mei maabara ilipima bati, ikakuta kaka alisema kweli. Mdogo mtu akayafungia majibu kwenye droo, kwa kuwa alikuwa anangojea cheo, na cheo akakipata. Kaka alifagia miaka tisa, hadi alipostaafu mwaka 2021. Jumapili walikula meza moja, na mdogo wake akajikausha. Leo hana pa kuuficha uso.

Figo zilianza kumsumbua kaka Oktoba 2022. Wodini, mdogo wake alijikaza akamwambia yote.

"Najua," kaka alisema. "Mtu wa maabara aliniambia mwaka uleule. Wenzangu ndio hawajui. Waambie wao."

Alifariki tarehe 3 Juni 2023, saa nne asubuhi. Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu na mdogo wake.

Ndugu zangu wa kiwandani, mliokaa kule nyuma: hakuwa mzembe. Bati ndilo lililobadilika, na mimi nilijua.

Pumzika, kaka. Nimewaambia.