Safu Moja ya Michikichi

Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa sita, Mama Mawese atakabidhi funguo za kabati lake na kustaafu, baada ya miaka thelathini na minne katika Idara ya Biashara, yote kwenye dawati la mafuta ya mawese. Jina lake halisi litasomwa kwenye cheti. Humu ofisini hakuna anayelitumia, hata mkurugenzi. Kamati ya sherehe imenikabidhi mimi, jirani yake wa meza, kazi ya kueleza mafanikio yake. Jamani, kazi hii imenitoa jasho. Kila fanikio la huyu mama linafuta lile lililotangulia!

Alipoajiriwa, sera ilikuwa moja tu: pandeni michikichi. Msitu wa mvua ulihesabiwa kuwa ardhi iliyolala. Akapewa pikipiki na kipaza sauti, akazunguka vijiji vya kandokando ya msitu akihimiza watu wafyeke, wapande, wauze mafuta nje, wasomeshe watoto. Alikuwa na ulimi wa kumtoa nyoka pangoni. Walimsikiliza wote isipokuwa mmoja, kaka yake mkubwa, yule aliyemlea wazazi wao walipofariki. Kaka mtu alisema msitu ule ndio unawapa mvua, na akamwomba mdogo wake asimsumbue. Mdogo mtu akamsumbua miaka nenda rudi, hadi siku moja kaka akachoka, akashika shoka. Mwaka huo Mama Mawese alipata cheti cha mfanyakazi bora.

Halafu upepo ukageuka. Wanunuzi wa ng'ambo walitangaza kwamba hawatanunua tena mafuta yaliyotoka kwenye ardhi ambayo msitu wake umekatwa karibuni. Idara ikatakiwa kutunga kanuni zake, na kalamu akapewa nani? Mama Mawese huyo huyo. Kanuni ilihitaji mwaka wa kikomo: aliyefyeka kabla ya mwaka huo yuko salama, aliyefyeka baada yake mafuta yake hayatoki nje ya nchi. Mkurugenzi wa wakati ule, aliyejua mambo ya kifamilia, alimnong'oneza ausogeze mbele mwaka huo kidogo tu, kaka apone. Hakuusogeza. Alisema ukisogezwa kwa ajili ya mmoja, kufikia mwezi ujao msitu utakuwa uwanja wa mpira. Kaka, aliyekuwa wa mwisho kukubali kupanda, akawa wa kwanza kurudishiwa madumu yake kwenye lango la kituo cha kukusanyia mafuta. Tangu siku hiyo hapokei simu ya mdogo wake. Mama Mawese akapata cheti cha pili.

Vyeti hivyo viwili vimening'inia ukutani nyuma ya kiti chake, kimoja cha kupandisha michikichi na kingine cha kuizuia. Wageni huvisoma, wakamtazama, wakavisoma tena.

Msidhani mambo yaliishia hapo. Wanunuzi wakaahirisha masharti yao, wakayarudisha, wakayaahirisha tena. Sisi tukawa tunatoa waraka Jumatatu na kuufuta Alhamisi. Wakulima wakipiga simu kuuliza wafuate upi, wote tunamtumbulia macho Mama Mawese.

Na kumwelewa yeye, weee! Kwenye vikao, tukishakubaliana naye tu anahamia upande wa pili. Katibu wa kikao aliwahi kumwandika kote kuwili, kwa wanaounga mkono na kwa wanaopinga, na hakuna aliyeona kosa. Waziri alipotutembelea na kumwuliza kama mawese ni mabaya, alijibu kwamba mchikichi unatoa mafuta mengi kuliko zao lolote kwenye kipande kile kile cha ardhi, kwa hiyo ukiukataa watu watafyeka zaidi ili wapande zao jingine. Ila mchikichi nao unapenda kuota palepale msitu wa mvua uliposimama. Waziri aliondoka akijishika kichwa, na chai yake aliiacha.

Kuna wakati alitangaza wiki ya bila mawese humu ofisini, tujionee wenyewe. Biskuti zikaondoka siku ya kwanza. Ikaondoka sabuni ya kunawia, ikafuata siagi ya mkate, kisha rangi za midomo za akina dada wa masjala, na hapo vita vikataka kuzuka. Wa kwanza kusalimu amri ni yeye mwenyewe, aliyekutwa stoo na pakiti ya biskuti, mdomo umejaa, akituashiria kwa mkono tufunge mlango.

Juzijuzi nilimwuliza wazi, kati ya vyeti vile, kipi ni cha haki. Akasema nikipata jibu nimpigie simu. Nilicheka, kisha nikaona yeye hacheki.

Sasa anakwenda kuishi kwenye kiwanja alichoachiwa na wazazi, na nyumba yake mpya iko nyuma ya shamba la kaka yake. Tuliogopa sana. Uzeeni, goti bovu, halafu jirani yako wa pekee hakusemeshi! Nikajitosa, nikampigia kaka mtu kumwalika kwenye sherehe. Akanijibu kwamba hana nafasi, anakata michikichi yake. Simu ikakatika. Nilikaa siku kadhaa na moyo mzito. Nikajua mzee ameamua kung'oa kila alichoshawishiwa kupanda, na kwamba mwenzetu atafika akute hasira imelala chini, shamba zima.

Jana dereva wa ofisi amerudi kutoka kupeleka vyombo vyake. Anasema michikichi iliyokatwa ni safu moja tu, ile inayoanzia barabarani hadi kwenye mlango wa nyumba mpya. Visiki vimeng'olewa, udongo umesawazishwa, gari limepita mpaka kizingitini. Kaka mtu alikuwa bado na jembe mkononi. Alimweleza dereva kwamba mdogo wake ana goti bovu, hawezi kutembea kote kule kutoka barabarani, na akamwonya asimwambie mtu.

Dereva ameniambia mimi, na mimi naandika hapa. Wanisamehe wote wawili.

Mama Mawese, asante kwa kutuchanganya kwa miaka yote hii bila kutudanganya hata siku moja. Kuhusu sera ya mawese, bado hatujui tushike lipi, na kiti chako tunakiogopa. Kuhusu nyumbani, tunajua. Nenda salama, mama yetu, ukae kwa amani na afya. Na ukifika, usishukie barabarani. Mwambie dereva aingie na gari.