Nyumba ya Bi Kijakazi Si Duka

Mgeni rasmi, Bwana Mkubwa wa mipango ya mji, karibu Kariakoo. Umeacha kivuli cha ofisi ukaja kusimama nasi juani. Tumefarijika.

TULIKOTOKA

Nyumba zetu ni za miti na udongo, vyumba sita, ukumbi katikati, uwani nyuma. Bi Kijakazi binti Sadalla yake alijengewa na marehemu mumewe, na wanawe wote kawazalia humo. Chumba cha mbele kapanga Melkiori, mtu wa Kilimanjaro, anayeuza kahawa na sabuni dirishani, usiku akaenda kulala kwake.

TULIYOYAFANYA

Mitaro tumechimba wenyewe. Makuti tumeyashusha, tukaezeka madebe, na moto haujatuingilia tena.

LINALOTUSIBU

Sheria inatenga majengo ya kukaa na ya biashara, na la biashara sharti liwe la mawe. Hatuigombi. Kosa ni letu.

Tuliposikia mkaguzi anakuja mwaka huu wa 1956, tulimfanyia kama tunavyomfanyia mgeni yeyote: tukaficha vikuukuu vya aibu. Vitanda, vyungu na mikeka ya Bi Kijakazi tukavihamishia kwa jirani yake, Bi Tatu. Mwenyewe naye akaenda kujistiri huko. Mkaguzi akapita chumba kwa chumba asione mto wala jiko, ila magunia ya Melkiori.

"Hapa halali mtu," akasema. "Hili ni duka."

"Wallahi, Bwana, mama mwenye nyumba yupo!" akadakia Bi Tatu.

"Analala wapi?"

Bi Tatu akaona haya kusema kitanda kiko kwake. Sasa amri imetoka: nyumba ijengwe kwa mawe kabla ya masika, ama ivunjwe. Mjane yule mawe atayatoa wapi? Inatuuma sana, maana adabu yetu ndiyo iliyomponza.

TUNALOOMBA

Tunaomba nyumba hiyo iandikwe upya kuwa ya kukaa, na dirisha la Melkiori lihesabiwe dirisha tu. Bi Kijakazi hayupo hapa kukupokea. Tangu amri ije hatoki; hata arusi ya mjukuu wake Bushiri hakuhudhuria. "Nikitoka," anasema, "wataandika hamna mtu."

Kabla hujaondoka, Bwana, tunakusihi ukapige hodi mlangoni pake. Ukijibiwa "karibu", basi jua pana mtu.

Mungu akuzidishie afya na huruma, akurudishe kwako salama.

Ni sisi majirani wa Bi Kijakazi, Kariakoo, upande wa Msimbazi.
Msomaji: Abbasi