Kidole cha Papa Ruphin

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Papa Ruphin Kaseya, mwalimu wa kemia hapa Kalemie. Papa Ruphin ametutoka Jumapili. Alikuwa na miaka arobaini na saba.

Labo yake ilikuwa telefone. Ndiyo, telefone. Chuo alichofundisha hakikuwa na labo. Wanafunzi walikaa wawiliwawili kwenye telefone moja, wakiangalia picha ya burette, ule mrija mrefu wa kioo wenye robine ndogo chini, yaani koki ya kufungulia. Ukigusa, tone linaanguka kwenye chombo cha chini, mpaka dawa iliyomo igeuke waridi kidogo tu. Ukikosea, unagonga mara mbili palipoandikwa "recommencer", unaanza upya. Watu walimwita mwalimu wa michezo ya telefone. Maneno ya watu hayaishi, naye alijikaza.

Ila yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kushika burette. Alisoma wakati wa vita, labo zimeporwa. Burette aliiona ubaoni tu, imechorwa kwa chaki. Mke wake, Mama Adrienne, njo yeye peke yake alijua siri hiyo. Anasema: "Aliniambia, Adrienne, ninafundisha bantu kuogelea, na mimi sijaingia mu maji. Ilimuuma sana."

Basi Laure, mwanafunzi wake wa telefone, akapata kazi kwenye labo ya saruji kule Kabimba. Akamwita: "Papa, kuja uishike."

Papa Ruphin akavaa koti la Misa, akaenda. Alisimama mbele ya burette muda mrefu. Akafungua robine. Tone, tone, tone. Kisha akazidisha, na rangi ya waridi ikakolea kupita kiasi. Na kidole chake, wasikilizaji, kikagonga kioo cha burette mara mbili. Kilikuwa kinatafuta "recommencer".

Laure anasema: "Tulicheka wote mpaka machozi. Kiisha nikaona yake hayakuwa ya kicheko."

Akaosha vyombo mwenyewe. Akapima upya, polepole, mpaka rangi ikatokea kidogo tu, vile inavyotakiwa. Akamwambia Laure: "Sasa njo ninaanza kufundisha."

Alifundisha wiki sita. Ugonjwa ukamlaza, hakuamka tena.

Mama Adrienne, watoto, nanyi wanafunzi wake, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Na wewe unayenisikiliza, kuna kitu gani unachowaeleza wengine kila siku, na mkono wako haujakigusa? Nenda ukakiguse wiki hii. Papa Ruphin alikigusa cha kwake zikiwa zimebaki wiki sita tu za kufundisha.