Kiti Kilichoelemea Kushoto: Kwaheri kwa Fundi Boaz Matiko

Baada ya miaka ishirini na miwili ya kazi, Fundi Boaz Matiko anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Julai 1999. Alijiunga na mradi wetu wa chanjo mwaka wa 1977, wakati tulikuwa na pikipiki mbili tu na karakana ya hapa Migori ilikuwa bado haijaezekwa. Leo kila muuguzi anayepeleka chanjo, kuanzia Kosele hadi Muhuru Bay, hupanda pikipiki iliyopita mikononi mwake.

Alizaliwa Ukuria. Dholuo, lugha ya hapa kwetu, alijifunzia karakanani, akisikiliza watu wakilalamika, na ndiyo sababu, kama anavyosema mwenyewe, maneno ya malalamiko anayajua kuliko ya salamu.

Yeyote aliyefanya kazi naye analijua swali lake. Kabla ya kushika spana alikuwa akiuliza: "Kabla haijaanza kusumbua, nani aliigusa mwisho, na aligusa nini?" Alianza kwa kuuliza hivyo juu ya pikipiki, kisha akauliza juu ya kila kitu. Tulipoletewa chai inayonuka mafuta ya taa, aliuliza, na mpishi akakumbuka chupa aliyopimia maziwa. Osoro wa stoo na mlinzi waliponuniana wiki nzima, Matiko aliwaketisha juu ya tairi kuukuu na kuwauliza. Kumbe ugomvi ulikuwa wa kuku tu.

Swali hilo lilinisaidia mimi pia, na ndiyo sababu niliomba niandike maneno haya.

Wengi wenu mnamkumbuka marehemu mume wangu, Elijah, aliyekuwa akipeleka chanjo upande wa Nyatike kwa pikipiki ya buluu. Alikuwa mtu wa haraka. Chai ya asubuhi aliinywa akiwa amesimama, helmeti iko kichwani. Nyonga yake ya kulia iliumia alipokuwa akicheza mpira shuleni, kwa hivyo alizoea kukalia upande wa kushoto, na kwa miaka mingi sponji ya kiti ikabonyea upande huo. Jumapili tukienda Kosele kumsalimia mama mkwe, nilikuwa nikiitazama barabara juu ya bega lake la kushoto, kwa kuwa lilikuwa chini kuliko la kulia. Malaria ilimchukua Machi 1995.

Pikipiki yake alipewa Dolphine, muuguzi mwenzetu. Ilikwenda vizuri hadi Agosti, tairi zilipoisha. Matiko alikuwa likizo, kwa hivyo tairi zote mbili zikabadilishwa Kosele na fundi wa kando ya barabara, siku ya soko, watu wakiwa foleni. Tangu hapo, ikiongezwa mwendo kidogo usukani ulitikisika, na nyuma nako kukawa kunataka kwenda njia yake. Karibu na Macalder ilimtoa Dolphine barabarani, ikazima kando kabisa ya shimo la zamani la wachimba dhahabu. Alirudi kwa lori la mchanga, pikipiki imelazwa nyuma.

Dolphine si mwoga. Lakini siku hiyo alisema mbele ya wote, "Mimi siipandi tena. Mwenyewe hajaiachilia."

Osoro, ambaye huwezi kujua kama anatania, akadakia, "Mliichukua bila kumuomba. Sasa Elijah anataka pikipiki yake."

Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka. Kabla wiki haijaisha maneno yalikuwa yamefika Kosele. Mama mkwe alinitumia ujumbe niende, wazee wapate kuuliza ni jambo gani lilikosewa kwenye mazishi. Chanjo za Muhuru Bay zilibaki kwenye friji. Nami nilikaa pale mapokezi nikisikia jina la mume wangu likitajwa kwa sauti ya chini, kama jina la kitu kinachodhuru watu. Elijah, aliyekuwa akishuka kwenye pikipiki kumpisha bata na vifaranga wake. Nilikuwa nimemzika mara moja, na sasa niliona kama nanyang'anywa tena.

Matiko aliporudi, Osoro alimsimulia yote kuanzia siku ya mazishi. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali lake.

"Mzee, haya si mambo ya spana," Osoro akamwambia.

"Elijah tulimzika Machi," Matiko akajibu. "Wewe ulimjua. Ni siku gani alingoja kitu? Angekuwa na neno, angekaa kimya mpaka tairi mpya zije?"

Kisha akatuma niitwe. Aliniwekea kreti ya soda kando ya pikipiki akasema, "Shemeji, kaa hapa uone kwa macho yako."

Alianza kwa kupima upepo, na tairi ya mbele ilikuwa na upepo mdogo. Akainua gurudumu hilo, akalizungusha polepole, akanionyesha mstari mwembamba ulio ubavuni mwa tairi, karibu na rimu. Upande mmoja mstari ulionekana vizuri pande zote. Upande wa pili ulifika mahali ukazama ndani ya rimu. Tairi haikuwa imekaa mahali pake. Ilikuwa, alisema, kama mtu aliyevaa kiatu bila kuingiza kisigino. Alitoa upepo wote, akapaka maji ya sabuni, akajaza upya hadi tukasikia mlio, na mstari ukajitokeza wote.

Akahamia nyuma. Alichukua uzi wa nyavu alioupata kwa wavuvi wa Muhuru Bay, akaufunga kwenye gurudumu la nyuma na kuunyoosha pande zote mbili hadi la mbele. Upande mmoja uzi uligusa tairi ya mbele. Upande wa pili ulibakiza nafasi ya vidole viwili. Fundi wa Kosele alikuwa amerudisha gurudumu la nyuma likiwa limekaa mshazari, na cheni akaikaza hivyo hivyo. Matiko alizungusha nati kidogo kidogo, akirudi kutazama uzi kila mara, mpaka nafasi zikalingana. Mwishowe aliujaribu usukani, akaona beringi zake hazina tatizo.

Watu walikuwa wamejaa mlangoni. Alijipangusa mikono, akawaambia, "Huyu si Elijah. Hii ni tairi."

Alijua kwamba maneno peke yake hayatafika Kosele. Akawasha pikipiki, akaniambia nipande. Sikuwa nimekalia nafasi ile tangu msiba. Tulikwenda barabara ya Macalder, na kwenye mteremko aliotaja Dolphine akaongeza mwendo. Kisha akafungua vidole, viganja vikabaki vimelala tu juu ya usukani. Usukani ulitulia. Mbele yangu bega lake la kushoto lilikuwa chini, kwa sababu kiti kilimkalisha vile kilivyozoea kumkalisha Elijah. Nililia mgongoni kwake njia nzima ya kurudi. Tulipofika alishuka, akajifanya anakagua cheni, na hakuinua macho mpaka nilipomaliza kujifuta kwa leso.

Nilienda Kosele kumweleza mama mkwe. Aliuliza jambo moja tu: ni nani aliyeweka hizo tairi. Kesho yake Dolphine alipeleka chanjo Muhuru Bay.

Miezi ikapita, na Dolphine akaleta lalamiko jingine. "Fundi, umetengeneza kila kitu, mbona kiti umekiacha? Nakaa kama mtu aliyemkasirikia jirani."

Matiko aliweka kiganja kwenye lile bonde la sponji. "Hapo usiguse, dada," akasema. "Huyo ndiye Elijah."

Dolphine hakulitaja tena. Ngozi ya kiti imechanika mara mbili tangu wakati huo, na mara zote mbili Matiko ameshona mpya juu ya sponji ile ile.

Sitaficha kwamba habari ya kustaafu kwake ilinihuzunisha kuliko nilivyotarajia. Nilijiuliza ni nani karakanani atakayeijua sababu ya kiti kile. Wiki iliyopita alikuwa akimkabidhi kazi Ombui, fundi wetu mpya. Walipofika kwenye pikipiki ya buluu, Ombui alibonyeza kiti, akatikisa kichwa, akaanza kutafuta spana ya kukifungulia. Kabla Matiko hajafungua kinywa, Dolphine alisema kutoka mlangoni, "Hicho kiache. Njoo nikueleze ni cha nani."

Matiko aliendelea kupangusa vyombo vyake.

Fundi wetu, asante kwa kila safari iliyofika na kwa kila mtu aliyerudi nyumbani. Tunakuombea maisha mema kwenu Ukuria, wewe na mkeo, mama Kezia, ng'ombe wako wanenepe na magoti yako yapumzike. Kitu chochote kikitikisika huko, tunajua utakachouliza. Na hapa, shemeji, kiti hakitaguswa.

Phelesia, Mapokezi