Mihibiskasi Saba ya Nyumba Namba Tisa

Mzee Kwaruza, mtunza stoo wetu wa mabomba, anastaafu tarehe thelathini mwezi huu baada ya kuitumikia ofisi ya maji kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Hiyo miezi minne ameniagiza nisiisahau. Siku hiyohiyo atakabidhi ufunguo wa nyumba namba tisa ya ofisi anayoishi, na huo ndio unaomkosesha raha kuliko ufunguo wa stoo.

Alianza kama kibarua wa kuchimba mitaro, akawa msaidizi wa fundi, na tangu mwaka wa sita yuko pale dirishani stoo, miwani kwenye paji la uso, akitutazama kama watu waliokuja kuiba.

Jina la Kwaruza alipewa na mafundi. Lori likileta mabomba mapya, yeye hasomi karatasi kwanza. Anakwaruza chuma kwa ukucha wa dole gumba, na rangi ikibanduka mzigo unarudi ulikotoka. Wauzaji walimnunia, wengine wakamwita mkorofi. Lakini ule mwaka ambao mabomba ya ofisi jirani yalioza ardhini kabla hayajatimiza miaka miwili, yetu yalikuwa mazima, na mpaka leo yapo. Meneja alimpa mkono mbele ya wafanyakazi wote, naye akauangalia ule mkono kana kwamba anataka kuukwaruza.

Ukucha huohuo ndio anaoutumia nyumbani. Uwanja wa namba tisa, katika nyumba za wafanyakazi, una mihibiskasi saba, miti ya maua ya ile aina inayostahimili baridi. Sita ina maua ya waridi na zambarau, na mmoja una maua meupe yenye moyo mwekundu. Huo mweupe aliupanda marehemu mkewe mwaka waliohamia. Wakati wa baridi mihibiskasi hiyo hupukutisha majani yote ikabaki vijiti vitupu, na baridi ikiisha huwa ya mwisho kuchipua. Watu hudhani imekufa, wakaing'oa. Mzee ana dawa moja tu: kwaruza gome kidogo, ukiona kijani chini yake mti uko hai, wewe tulia.

Dereva wa lori hakutulia. Alipewa kipandikizi, akakitunza vizuri mpaka kikawa mti, baridi ilipoingia akakata tamaa, akaung'oa akaupeleka jikoni awashie moto. Mzee alipita kumsalimia, akauona umelala kando ya mkaa, akaukwaruza palepale. Kijani! Alimsema yule dereva mpaka mkewe akatoka mbio akidhani watu wanapigana. Mti ukarudishwa shimoni, leo umepita paa la bafu, na mke wa dereva anawaambia majirani kwamba aliuotesha yeye.

Nusu ya ofisi ina mihibiskasi kutoka kwake, na masharti yake tumeyakariri tukitaka tusitake. Kipande kiwe na unene wa penseli na urefu wa shubiri moja, kichomekwe kwenye kopo lililotobolewa chini, lenye mchanga na udongo nusu kwa nusu. Kikishika mizizi, kipelekwe penye jua la kutwa. Kipewe maji ya kushiba mara mbili kwa wiki, si ya kunyunyiza kila saa kama mtu anayefukuza vumbi. Kupogoa ni mwishoni mwa baridi, kabla ya machipukizi. Mhasibu wetu aliuozesha mti wake wa kwanza kwa maji mengi, na tangu hapo akimwona Mzee anakuja Jumapili kukagua, anafunga geti kwa ndani.

Sasa niseme la kwangu, maana mimi ndiye karani wa nyumba za wafanyakazi. Mwaka jana nilileta mafundi kukarabati ukuta wa namba tisa, nikawaacha bila msimamizi, wakamwaga maji ya saruji shinani mwa ule mweupe. Mzee hakunigombeza. Heri angenigombeza. Msimu ule mti ulitoa maua mawili tu, kisha baridi ikaingia.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda kujaza fomu ya makabidhiano ya nyumba. Uwanja lazima ukabidhiwe bila miti mikavu. Ndio utaratibu, na niliyeuandika ni mimi. Mzee alinitembeza mti kwa mti akikwaruza. Wa kwanza kijani, wa pili kijani, hivyo hivyo hadi wa sita. Kwenye ule mweupe alisimama, akatia mkono mfukoni. Akasema ukucha unamuuma, nikwaruze mimi. Mtu aliyekwaruza kila kilichoingia stoo kwa miaka ishirini na tano!

Nilielewa, nikapiga magoti. Tawi la juu lilikuwa kahawia. La kati, kahawia. Na mkosaji nilimjua. Nikashuka mpaka karibu na udongo, nikakwaruza tena, na hapo pakatokea kijani, chembamba kama uzi lakini kibichi kabisa. Mzee aliinama akakitazama. Kisha akanilaumu kwamba nimekwaruza kwa nguvu mno, nimeuumiza mti wa watu. Sijawahi kufurahia lawama kama zile.

Anahamia kwa binti yake na makopo sita ya vipandikizi. Mweupe hauna nguvu ya kukatwa wala kuhamishwa mwaka huu, kwa hiyo unabaki. Mpangaji mpya, msoma mita, ameshafundishwa kukwaruza, tena ameambiwa geti lisifungwe Jumapili.

Mzee Kwaruza, asante kwa mabomba ambayo hayakutuaibisha na kwa maua yaliyo kwenye nyua zetu. Tunakutakia afya njema, usingizi wa asubuhi usiokatizwa na honi ya lori, na jua la kutwa huko uendako. Mweupe ukichipua tutakupigia simu kabla ya kumwambia yeyote. Fomu yako iko kwenye faili, tumeisaini sisi wawili, na kwenye mstari wa hali ya uwanja nimeandika: miti saba, yote hai.