Alikwenda kwa Hiari Yake: Maisha ya Opereta Aliyempenda Chiriku

Mama tunayemsindikiza leo alizaliwa Jumamosi, tarehe 8 Novemba 1952, katika chumba cha nyuma cha nyumba namba 14 ya wafanyakazi wa reli. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano wa fundi wa mabehewa na mkewe, mshonaji wa sare za shule. Alikuja duniani na sauti kubwa, na mkunga, kwa maelezo ya bibi yetu, alisema, "Huyu hatapotea sokoni." Hakupotea sokoni wala pengine popote. Wasifu huu unataja tarehe kamili kwa sababu juma hili yamesemwa mengi juu ya kifo chake, na yote yamesemwa bila tarehe.

Alianza shule ya msingi Januari 1960, akamaliza mwaka 1966. Masomo ya sekondari aliyapata katika shule ya bweni ya wasichana kuanzia 1967 hadi 1970, akatoka na nafasi ya pili katika hisabati. Akiwa darasa la sita alimsikia Chiriku kwa mara ya kwanza. Chiriku alikuwa msichana wa miaka kumi na saba, na wimbo wake "Nirudishie Kitana" ulimhusu binti anayemwandama jirani aliyeazima kitana akakifanya chake. Redio iliupiga mara moja kwa juma, Jumapili, dakika chache kabla ya saa saba. Nyumbani hapakuwa na redio. Mama alisimama nje ya dirisha la jirani na daftari la hesabu, akanakili mstari mmoja kila Jumapili, kwa kuwa kabla hajaumaliza huo, mwingine ulikuwa umekwisha kupita. Beti mbili zilimchukua majuma kumi na mawili.

"We mtoto, kwani huna kwenu?" jirani alimuuliza siku moja.

"Shikamoo, mama. Ninako, ila Chiriku hayuko kwetu."

Tarehe 3 Aprili 1972 aliajiriwa kuwa opereta wa simu katika posta kuu, akakaa mbele ya ubao wa nyaya kwa miaka ishirini na mitano, hadi mitambo mipya ilipoiondoa kazi hiyo mwaka 1997. Aliweza kukumbuka namba mia nne bila kufungua kitabu. Aliwahi kupewa barua moja tu ya onyo, kwa kosa la kuimba masikioni mwa mteja aliyekuwa akisubiri kuunganishwa. Barua hiyo tunayo. Haielezi kwamba mteja mwenyewe alipiga tena dakika tano baadaye na kusema, "Dada, namba nimeshaipata. Umenikatizia ubeti wa pili." Baada ya kustaafu aliwafundisha vijana wa mapokezi katika ofisi mbalimbali kupokea simu, na kanuni yake ilikuwa moja: anayepiga simu ana haja, usimfanye aionee haya.

Alifunga ndoa tarehe 21 Desemba 1974 na fundi saa ambaye kibanda chake kilitazamana na mlango wa posta. Baba yetu alikuwa mtu wa kimya. Alisema kazi yake haitaki kelele. Hata hivyo, mwaka 1978 alinunua redio kaseti, na Jumapili moja akakaa kidole kikiwa juu ya kitufe cha kurekodi, amezuia pumzi kama anayeweka gurudumu dogo ndani ya saa ya mkononi. Katika kaseti ile anasikika akisema "Nyamazeni!" kabla tu ya Chiriku kuanza. Mwishoni mwa ubeti wa pili mtangazaji anaingia: "Tunaomba radhi, tunakomea hapo. Sasa ni taarifa ya habari." Sisi watoto watatu tulikua tukiamini kwamba wimbo ule ndivyo unavyokwisha. Tuligombea nani awe mtangazaji, na mdogo wetu wa mwisho alishinda kwa sababu aliweza kuifanya sauti ipitie puani. Santuri yenyewe hatukuwahi kuishika, na nakala iliyokuja kupatikana mtandaoni baadaye ilitoka redioni kama yetu. Baba alifariki tarehe 17 Agosti 2009, na Mama aliitunza kaseti ile pamoja na vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa.

Kutoka kwetu wimbo ulihamia kwa mjukuu wake wa kwanza, binti wa mdogo wetu huyo. Akiwa na miaka minne, mtoto huyu alikuwa na nywele nzito na ubishi mzito zaidi. Hakuna aliyeweza kumchana isipokuwa bibi yake, tena kwa sharti la kuimbiwa. Walipofika kwenye taarifa ya habari, mtoto ndiye aliyeisoma, na habari zenyewe akazitunga: jogoo wa jirani amekamatwa, shangazi ameunguza maharage. Hayo yaliendelea mpaka binti akawa mwanamke wa miaka kumi na tisa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uuguzi, na aliyechanwa akawa ndiye mchanaji.

Mama aliugua. Tarehe 2 Februari 2023 hospitali kuu ilithibitisha kwamba misuli ya moyo wake imedhoofika, na daktari alituambia bila kuficha kwamba dawa zingeupunguzia mzigo moyo huo ila zisingeurejesha ulivyokuwa. Katika miezi kumi na sita iliyofuata alilazwa mara sita. Naomba tarehe hiyo ikumbukwe. Ugonjwa uliompeleka Mama ulijulikana, ukaandikwa na kupigwa muhuri mwaka mmoja na miezi minne kabla ya yale yanayonong'onwa.

Mei mwaka huu, 2024, yalibandikwa matangazo kwamba Chiriku, sasa mwanamke wa miaka sabini na sita, angeimba kwa mara ya mwisho katika ukumbi wa manispaa, Jumamosi tarehe 15 Juni, saa tisa alasiri. Mama akasema atakwenda. Jumapili tarehe 2 Juni familia ilikaa sebuleni kwake kumzuia.

"Dada, mgonjwa wa moyo anapelekwa hospitali," alisema mjomba wetu, mdogo wake wa pekee aliye hai. "Hapelekwi dansini."

"Mdogo wangu, hospitali nimelala mara sita. Hakuna hata mara moja nilipotoka nikiimba."

"Watu watasemaje?"

"Watasema nilikwenda. Na itakuwa kweli."

Watoto wake watatu tulimuunga mkono mjomba. Mimi ninayesoma maneno haya nilikuwa wa kwanza kusema hapana, nikaahidi kumnunulia spika nzuri asikilizie nyumbani. Alinitazama kama alivyokuwa akimtazama mtu aliyekosea namba. Mjukuu peke yake hakuungana nasi. Alhamisi ya tarehe 6 Juni alimsindikiza bibi yake kliniki, na huko Mama akamuuliza daktari mwenyewe. Jibu tunalo kwa sauti ya daktari, ambaye yumo katika hadhara hii: "Ngazi usipande, chumvi acha. Kuimba sijakukataza."

Siku mbili baadaye binti huyo alikwenda ukumbini peke yake. Alikuta lango kuu lina ngazi kumi na tisa, akazunguka nyuma, akaona mlango wa kupitishia vyombo vya muziki, usio na ngazi hata moja, akambembeleza mlinzi mpaka akakubali. Siku yenyewe alibeba dawa, maji, na kigoda cha jikoni, na kila baada ya hatua kumi bibi alikaa. Waliomwita mzembe watuambie ni lini wao walimhesabia mgonjwa hatua zake.

Chiriku alipoimba "Nirudishie Kitana", ukumbi mzima ulisimama isipokuwa Mama, aliyetii amri ya daktari. Ubeti wa pili ulipokwisha, Mama alitangaza kwa sauti ile ya posta, iliyofika hadi jukwaani: "Tunaomba radhi, tunakomea hapo! Sasa ni taarifa ya habari!" Safu tatu za mbele ziligeuka. Chiriku akacheka hadi akashika kipaza sauti kwa mikono miwili. Kisha, kwa mshangao wa Mama, akaendelea. Kulikuwa na ubeti wa tatu. Mama, aliyeungoja miaka hamsini na tisa bila kujua kwamba anaungoja, aliusikiliza kwa makini: ulikuwa mawaidha marefu juu ya ubaya wa kuazimana vitu. Ulipomalizika alimwinamia mjukuu wake, akasema, "Mwanangu, yule mtangazaji alijua kazi yake."

Alirudi nyumbani saa kumi na mbili jioni, akala, akalala. Aliishi siku arobaini na nne baada ya hapo. Katika siku hizo alikwenda kliniki mara mbili, akawasimulia tukio lile majirani wasiojua na wanaojua, na akanisamehe mimi bila kuombwa. Tarehe 18 Julai maji yalijaa mapafuni, akalazwa kwa mara ya saba, katika wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Alifariki Jumatatu, tarehe 29 Julai 2024, saa nne na dakika kumi asubuhi. Siku hizo arobaini na nne wako waliozikunja zikawa usiku mmoja, wakapita nyumba hadi nyumba wakisema, "Mjukuu ndiye aliyemmaliza bibi yake." Wapo hapa. Walioambiwa nao wapo, na binti mwenyewe amesikia, ndiyo maana tangu asubuhi amesimama nyuma kabisa, karibu na magari, kama mtu aliyekuja kwenye msiba wa watu wengine.

Mama alilijua hili kabla halijatokea. Jumapili tarehe 21 Julai alimwita mjomba kitandani, mbele ya muuguzi wa zamu na mbele yangu, akasema: "Watu wakimsema mtoto huyu, wewe ndiye utakayewajibu. Mimi nilikwenda kwa akili yangu. Alichonibebea ni kigoda." Mjomba aliitika. Jana, baada ya kusoma ukurasa huu, aliniambia, "Soma kama ulivyo. Nami nitasimama pale uliposema nisimame."

Marehemu ameacha mdogo mmoja, watoto watatu, wakwe wawili, na wajukuu saba, wa mwisho akiwa na miezi mitano. Ameacha pia vijana wa mapokezi katika ofisi nyingi ambao, ukiwapigia leo, watakupokea vizuri.

Picha yake itabebwa na mjukuu wake wa kwanza, na mjomba atatembea kando yake. Tunamwomba binti huyo aje mbele sasa; hatutaondoka hapa bila yeye. Atakayeona ugumu kumfuata, njia ni pana.

Mama amekwisha kusema lake, na amelisema vizuri. Sasa tumwache apumzike, na amani aliyoondoka nayo asipokonywe na mtu.